Nimepita kwenye taa nyekundu na gari la kaka, leo siku ya tisa nasubiri barua

Mwali wa Rungwe · Jumanne, saa 6:40 usiku

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Uyole, usingizi haupandi. Nina jambo ambalo kwa mwingine ni dogo, ila mimi limenikaa kifuani tangu nishuke kwenye ndege pale Songwe.

Nilikuwa Uingereza kwa mafunzo ya kazi, wiki kumi, mji wa Leeds. Nilifikia kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye na wifi wako huko miaka mingi, na kaka anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi yuko kwa mzee huyu, saa nne kwa bibi yule, jioni kwingine. Bila gari hana kazi. Pamoja na hayo alinikabidhi funguo, akaniingiza kwenye bima ya gari lake, akasema, "Mdogo wangu, usisimame kituoni na baridi hii." Leseni yetu mgeni anaruhusiwa kuitumia kule hadi miezi 12, kwa hiyo upande huo nilikuwa salama.

Siku nne kabla ya kurudi nyumbani, jioni, mvua inanyesha, nimetoka kununua ndizi. Wifi alikuwa ameniomba nipike ndizi kama za Tukuyu kabla sijaondoka. Mbele kuna makutano yenye taa, taa ni kijani. Nikiwa nimebakiza kama urefu wa Coaster tatu, ikawa njano. Hapo ndipo nilipoharibu. Mguu ulikwenda kwenye breki, nikahisi gari linateleza kidogo, nikaogopa la nyuma lisije likanivaa, nikaachia breki na kukanyaga mafuta. Kioo kimejaa matone, waipa zinafuta na maji yanarudi, ile njano imetapakaa kwenye lami yote. Nikiwa juu ya mstari mweupe, au nimeshauvuka, sijui, nikaona wekundu. Kushoto kulikuwa na boksi la njano juu ya mlingoti. Nikaona kama mwanga umemulika kwenye kioo cha nyuma. Inaweza kuwa radi, inaweza kuwa taa za basi, inaweza kuwa kamera.

Sikumwambia kaka. Ndizi nikapika, tukala, akazisifu. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikaja na kupita. Siku ya safari akanipeleka uwanja wa ndege na gari lile lile, na njia nzima tuliongelea kaburi la mama mkubwa.

Leo siku ya tisa. Nimesikia barua inakwenda kwa mwenye gari. Jina la kaka likitokea kwenye simu, moyo unaruka. Mwenye uzoefu anieleze: kamera hizi zinafanyaje kazi? Njano nayo inahesabiwa? Na barua ikifika, kaka atafanywa nini?

Kijana wa Mwanjelwa · Jumatano, saa 12:55 asubuhi

Pole dada. Ila mbona umeshapona? Wewe uko Mbeya, wao wako Leeds. Nani atakuja hadi Uyole kukudai? Kausha, lala.

Mbao za Mafinga · Jumatano, saa 2:20 asubuhi

Kijana wa Mwanjelwa, kwa heshima zote, ushauri huo usimpe mtu. Nilikaa Leicester miaka saba kabla ya kurudi kwenye mbao huku Mafinga, na barua hizo nimeshazipokea kwa jina langu.

Dada, kamera ya taa haipigi picha muda wote. Inaamka taa ikishakuwa nyekundu. Nyingi zina nyaya zilizozikwa chini ya lami jirani na mstari wa kusimamia, zinapita umeme, na chuma cha gari kikipita juu yake mtambo unajua. Nyingine zinatumia rada. Taa ikiwa kijani au njano unaweza kupita juu ya nyaya hizo mara mia na hakuna picha. Ikiwa nyekundu na gari likavuka, inapigwa picha ya kwanza, kisha ya pili baada ya muda mfupi sana, ili ionekane kwamba gari liliendelea mbele, halikuchungulia tu mstari likasimama. Kwa hiyo zile za zamani zenye mmweko, mmweko unakuja mara mbili. Wewe uliona mara ngapi? Usijipe uhakika kwa hilo peke yake lakini, kwa sababu za kisasa zipo ambazo mwanga wake jicho halioni.

Kuhusu njano, wengi wetu tunaisoma kama "wahi". Kwa sheria ya kule njano maana yake ni simama. Unaruhusiwa kuendelea ikiwa tu umeshavuka mstari, au uko karibu kiasi kwamba ukifunga breki unaweza kuleta ajali. Ila kamera yenyewe inangoja nyekundu.

Sasa barua. Polisi wanatakiwa wamfikishie taarifa yule aliyeandikwa kama mwenye gari ndani ya siku 14 tangu kosa litendeke. Inakuja na fomu ya kutaja nani alikuwa anaendesha, na mwenye gari ana siku 28 za kuijibu. Asipojibu, kule kunyamaza kunakuwa kosa lake mwenyewe: pointi 6 za adhabu kwenye leseni na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Kosa la taa kwa kawaida ni pauni 100 na pointi 3. Umeona hapo? Ukikausha huku Uyole, anayeumia ni kaka. Pointi zikifika 12 ndani ya miaka mitatu anaweza kufungiwa leseni, na mtu anayezunguka kwa wazee bila leseni anakula nini? Bado bima, nayo inapanda.

Niambie jambo moja: kaka yako amewahi kuhama nyumba karibuni? Kama kadi ya gari ina anwani ya zamani, barua inaweza kuwa imekwenda kulala huko, na hizo siku 14 hazitamsaidia.

Mwali wa Rungwe · Jumatano, saa 7:10 mchana

Asante sana kaka. Mwanga niliuona mara moja, au niseme nakumbuka mara moja. Kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona vitu ambavyo sina hakika kama nilivionaga. Jana usiku nimekumbuka mara mbili.

Kaka alihama mwaka jana. Kama alibadilisha anwani sijui. Nitamuulizaje bila kusema kwa nini nauliza?

Dereva wa TANZAM · Jumatano, saa 1:30 usiku

Nimepaki Ruaha Mbuyuni nasubiri alfajiri nipande Kitonga, nimesoma uzi wote.

Dada, mimi taa za huko sizijui, ila woga wako naujua. Mwaka wa kumi na tano huu nakula barabara hii, Dar hadi Tunduma. Unatoka Mikumi, unakuta kibao cha 50 kijijini, unapunguza, unamaliza nyumba, kibao cha kumalizia hukioni, unaanza kufungua gari, halafu mbele kwenye kivuli cha mwembe unaona sare nyeupe. Hapo unaanza kujiuliza: tochi ya kupimia mwendo ilinipata au haikunipata? Akikusimamisha unapata jibu. Kibaya ni pale asipokusimamisha, maana picha inaweza kuwa imeshatumwa kwa wenzake walioko mbele. Unaendesha kilomita kumi tumbo limekaza. Nimeona madereva wazima wanakosa hamu ya chakula kwa ajili ya faini ya elfu thelathini.

Nikuambie na la gari la kuazima, maana hilo ndilo lako. Huku kwetu deni la faini linakaa kwenye namba ya gari. Ukiingia kwenye mfumo wa TMS wa polisi ukaandika namba, linaonekana, hata kama aliyekuwa amekamata usukani yuko kijiji cha tatu kutoka hapo anakunywa chai. Na ukichelewa linaongezeka. Nimenunua gari dogo la familia Makambako nikakuta madeni ya watu nisiowafahamu. Muuzaji alishangaa kuliko mimi. Aliwaazima wadogo zake, kila mmoja akarudisha funguo na kusema "asante kaka, gari liko poa".

Mwalimu wa Ipogolo · Jumatano, saa 3:05 usiku

Nafundisha fizikia hapa Iringa. Tupige hesabu, labda utalala.

Mwendo wa mjini kule ni maili 30 kwa saa, sawa na kilomita 48, yaani mita 13 na kitu kila sekunde. Njano kule inakaa sekunde 3. Coaster moja ina karibu mita 7, tatu ni mita 21.

Mwongozo wao wa barabarani unasema kwa mwendo huo gari linahitaji mita 23 kusimama pakiwa pakavu: 9 zinaliwa kabla mguu haujafika kwenye breki, 14 zinaliwa na breki yenyewe. Lami ikiwa na maji, zile za breki zinakuwa mara mbili. Kwa hiyo 9 na 28, mita 37. Wewe ulikuwa na 21. Usingesimama, dada. Ungesimama katikati ya makutano.

Ungeendelea bila kugusa breki, mstari ungeufikia kwa sekunde moja na nusu hivi, njano ingali inawaka. Lakini uligusa. Tuseme wastani wako ulishuka hadi kilomita 30 kwa saa: mita 21 unazimaliza kwa sekunde mbili na nusu. Bado njano. Ili nyekundu ikukute kabla ya mstari, wastani wako ulitakiwa uwe chini ya kilomita 25.

Sitakuficha upande wa pili. Coaster tatu za usiku wa mvua, kwa macho ya mtu aliyeshtuka, zinaweza kuwa Coaster tano. Hiyo ni mita 35, na kwa umbali huo kusita kidogo tu kunatosha taa ikuwahi. Kuna kipande cha barabara kabla ya kila taa ambapo kusimama ni kugumu na kupita ni kugumu, na kwenye mvua kipande hicho kinarefuka. Anayekipata vibaya zaidi ni anayebadili nia akiwa ndani yake. Wanafunzi wangu wakianza kuendesha huwa nawaambia: taa ikiwa kijani kwa muda mrefu, anza kuamua kabla haijabadilika.

(Pembeni kidogo, kwa wanaopenda historia: kamera zinazoitwa Gatso zimetokana na jina la Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyekuwa dereva wa mashindano, mshindi wa Monte Carlo mwaka 1953. Chombo chake alikitengeneza ili apime mwendo wake mwenyewe kwenye kona, apate kuongeza kasi.)

Kijana wa Mwanjelwa · Jumatano, saa 3:40 usiku

Sawa, nimekubali la kukausha halifai. Basi barua ikija, kama kaka ana pointi, wifi si aseme ni yeye aliyekuwa anaendesha? Familia inasaidiana, pauni 100 dada anawarudishia, yanaisha.

Mbao za Mafinga · Jumatano, saa 4:15 usiku

Hapana, hapana. Hilo ndilo la kuogopa kuliko taa. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati wa Uingereza, alimfanya mkewe Vicky Pryce abebe pointi zake za mwendo kasi za mwaka 2003. Miaka ikapita, ndoa ikavunjika, siri ikatoka. Machi 2013 wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane. Waziri na mkewe, kwa pointi tatu! Wifi wa watu ana pesa gani ya mawakili? Anatajwa aliyeendesha, kwa jina lake na anwani yake, basi.

Na ukipokea SMS au barua pepe yenye kiungo inayosema lipa faini ya Uingereza sasa hivi, usiguse. Taarifa ya kwanza ya polisi inakuja kwa posta, kwa mwenye gari.

Mama Kibena · Alhamisi, saa 11:50 alfajiri

Kamwene mwanangu. Nimesoma hesabu za mwalimu, nzuri. Nimesoma za mtu wa mbao, nzuri. Lakini maswali yako yote matatu umeuliza sisi, na hakuna hata moja umemuuliza mwenye gari.

Unahesabu siku 14 ziishe ili usiwe na la kusema. Zikiisha bila barua utanyamaza, na utakapokwenda tena kwake, au yeye akija kwenye msiba huku, utashindwa kumtazama akiwa na funguo mkononi. Barua ikija kabla hujasema, atafungua bahasha jikoni kwake aone picha ya gari lake, tarehe, na saa. Atakumbuka ndizi. Mpigie leo. Saa hizi kule bado usiku, subiri akiamka.

Mwali wa Rungwe · Alhamisi, saa 4:30 usiku

Mrejesho.

Nilishindwa kupiga. Nikarekodi sauti, nikafuta, nikarekodi mara nne. Ya tano nikaituma bila kuisikiliza. Nikaona tiki mbili, zikawa za bluu, halafu kimya cha karibu saa tatu. Alikuwa kwa mzee wake wa jioni.

Alipopiga hakuanza na taa. Alisema, "Siku ile ulikuwa unamenya ndizi mkono unatetemeka. Nikamwambia wifi yako, huyu ana hamu ya kwao." Nikaanza kulia. Akaniacha nilie.

Anwani alibadilisha tangu wiki aliyohama. Ana pointi tatu tayari, za mwendo, kwa hiyo Mbao za Mafinga ulikuwa unasema kweli: sita juu ya hizo zingemweka pabaya. Amesema barua ikija ataandika jina langu na anwani ya huku kama ilivyo, niwe tayari kujibu nikiandikiwa. Nimemwambia pesa ni yangu, kama laki tatu na zaidi kwa hela yetu, nimeshaitenga. Amesema tutaona.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Yale makutano anayajua, anapita pale kila siku, na siku za mvua yeye mwenyewe huanza kupunguza tangu kwenye duka la nywele, kwa sababu lami pale inateleza. "Ningekuonyesha," akasema. "Nilikupa funguo sikukuonyesha barabara." Kwa muda wote ule mimi nawaza nitakavyomwomba radhi, na yeye ananiomba mimi.

Dereva wa TANZAM · Ijumaa, saa 12:10 asubuhi

Nimesoma nikiwa juu Kitonga, nimepumzisha breki. Umefanya vema sana dada.

Mwali wa Rungwe · Alhamisi iliyofuata, saa 2:00 usiku

Siku 18 leo. Kaka amekagua sanduku la barua kila jioni tangu tuzungumze, na ameuliza hata kwa wapangaji wa nyumba ya zamani. Hakuna kitu. Mbao za Mafinga ameniambia faragha kwamba posta inaweza kuchelewa, tuvumilie siku chache. Lakini nalala. Mwalimu, nadhani zilikuwa Coaster tatu.

Msomaji wa Makambako · Jumamosi, saa 3:25 usiku

Sijawahi kuchangia humu, huwa nasoma tu. Uzi huu umenitoa nyumbani leo.

Miezi mitano iliyopita niliazima Noah ya shemeji kumpeleka mama hospitali. Wakati wa kurudi nilikamatwa na tochi, 71 kwenye 50. Nilipewa ile karatasi ya mashine, elfu thelathini, nikaikunja mara nne nikaitia mfuko wa shati. Shemeji nilimrudishia gari nimelijaza mafuta na nimeliosha hadi chini ya mazulia. Karatasi nikabaki nayo. Kila mwisho wa mwezi nasema nitalipa kimyakimya, na kila mwisho wa mwezi inatokea ada au mbolea. Tangu hapo kwake nimekuwa naenda kwa nadra, nikisingizia shamba.

Leo mchana nimechukua ile karatasi, maandishi yamefifia hata namba haisomeki vizuri. Nikaandika namba ya gari kwenye TMS ili nijue limefika kiasi gani kabla ya kwenda. Ikasema gari halidaiwi. Nikaandika tena, nikidhani nimekosea herufi. Halidaiwi.

Nikaenda hivyohivyo. Nimemkuta anapukuchua mahindi na watoto. Nikamwita pembeni nikamwambia yote, nikampa na karatasi. Akaitazama akairudisha.

"Nililipa wiki ile ile," akasema. "Nilikuwa nasubiri uje."

Nimemwekea elfu thelathini juu ya gunia. Ameikataa. Nimeiweka tena, nikakaa chini, nikaanza kupukuchua.